Jina Likikosewa Kuandikwa, Mteja Kaenda

Leo naongelea jina la bidhaa, kitu ambacho mimi nilikichukulia poa kikanitoa hela.

Mwaka jana nilitengeneza mchezo wa karata wa kufundisha watoto hesabu za pesa. Nikauita Thumuni, ile senti hamsini ya zamani. Niliona nimepatia kweli kweli. Nikachapisha stika za maboksi 60, nikaanza kuposti.

Kumbe wengi wetu hiyo "th" hatuitamki, tunasema sumuni au sumni. Mteja anaambiwa na shoga yake, anautafuta mtandaoni kama alivyousikia, hanipati. Vijana wenzangu nao hiyo senti hawajawahi kuishika, wananiuliza, "Thumuni ndo nini, kaka?" Mama mmoja alinitafuta siku tatu, akaishia kununua mchezo wa mtu mwingine. Aliniambia mwenyewe.

Nikalipia stika tena, nikabandika juu ya zile za kwanza. Sasa unaitwa Chenji. Aliyewahi kutumwa dukani analijua hilo neno, awe Mwanza, Tanga au Mombasa.

Kuna wanaosema ukitaka kufika mbali weka jina la Kiingereza. Mimi nakataa. Mchezo wa Jenga, ule wa kupanga vipande 54 vya mbao, ulizinduliwa London mwaka 1983. Aliyeubuni, Leslie Scott, ni Mwingereza aliyezaliwa hapa hapa Tanzania, akachukua neno letu la kujenga. Mzungu maana haijui, lakini analitamka na kuliandika bila shida. Silabi mbili tu.

Hata wakubwa wanateleza. Pac-Man ilipotoka Japani mwaka 1980 iliitwa Puck Man. Kuingia Marekani ikabidi wabadilishe, wakihofia watu watakwaruza P iwe F, jina ligeuke tusi. Na Wajapani hao hao dubu wanamwita neno ambalo hapa kwetu huwezi kulitaja mbele ya mama mkwe. Hebu fikiria liko kwenye boksi la mtoto.

Kwa hiyo kabla hujachapa chochote:

1. Tuma jina kwa sauti WhatsApp kwa watu watano, waambie waliandike. Wakiandika tofauti tofauti, achana nalo.

2. Waulize wa makabila mengine na wa nchi jirani unakotuma mzigo, kwao lina maana gani. Waambie wasikuonee aibu.

3. Litafute mtandaoni na BRELA, usije ukatangaza jina la mwenzako.

Hayo yote ni bure. Stika 60 mara mbili si bure.

Wewe jina lako ulishampa mtu alisikie tu, halafu akaliandika sawa?