Umeme wa Vijidudu na Haja Zetu

Sisi watu wa visiwani tunaijua adha ya giza. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikosa umeme kwa takriban miezi mitatu. Si ajabu basi kwamba habari za umeme utokao topeni na vyooni zinatuvutia masikio.

Habari hizo ni za kweli, ila zina kiasi chake. Bakteria waitwao Geobacter, waliopatikana mwaka 1987 katika tope la mto Potomac, Marekani, hula uchafu uliooza, na elektroni zinazobaki huzitoa nje ya miili yao, wakazikabidhi kwa kutu ya chuma. Elektrodi ikifukiwa topeni huzipokea vilevile. Nyingine ikiwekwa juu yake, katika maji yenye hewa, na waya ukiziunganisha, umeme hupita. Mwaka 2008 watafiti wa jeshi la majini la Marekani waliarifu kuwa wameliendesha boya la kupimia hali ya hewa kwa njia hiyo. Nguvu yake haikufika sehemu ya kumi ya wati moja!

Kwa hiyo anayedhani tope la mikoko litatuondolea waya wa baharini anajidanganya. Lakini huko Kisoro, Uganda, mwaka 2017, mkojo wa wanafunzi uliwasha taa za vyoo vya shule ya wasichana. Msichana aendaye chooni usiku hahitaji umeme wa kiwanda. Wakuu wetu wa elimu na wapime jambo hili kwa haja hiyo, na waulize mapema nani atakayevitunza vyombo vyenyewe.