Barua ya wazi kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data: ni nani aliyemo kwenye orodha ya nyuso?

Bi Kamishna,

Septemba 2023 ofisi yako iliitoza baa moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kubandika picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule moja nayo ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Siku hiyo wengi wetu tuliamini kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina meno.

Sasa nakuomba uinue macho kidogo, uzitazame kamera zilizo juu ya milingoti ya katikati ya jiji. Mwaka 2014, majeraha ya shambulio la kigaidi la Westgate yakiwa bado mabichi, Serikali iliipa kampuni ya simu ya Safaricom kandarasi ya takriban shilingi bilioni 15 iwajengee polisi mtandao wa mawasiliano pamoja na kamera zipatazo 1,800 Nairobi na Mombasa. Sina ugomvi na kamera hizo. Aliyewahi kupigwa ngeta karibu na mzunguko wa Globe jijini Nairobi anajua thamani ya ushahidi wa picha.

Lakini mwaka 2018 iliripotiwa kwamba polisi wameanza kutumia mfumo wa kutambua nyuso, na hapo mambo yakabadilika. Kamera ya kawaida humwonyesha afisa tukio lililotokea mahali fulani. Programu ya kutambua nyuso humtafuta mtu. Huupima uso wa kila apitaye, ikaugeuza kuwa tarakimu, kisha ikaulinganisha na nyuso zilizomo kwenye orodha. Kwa hiyo swali langu halihusu kamera, linahusu orodha. Nani ameiandika? Je, picha tulizopigwa tukichukua vitambulisho zimo? Kijana aliyeandamana Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, bendera mkononi, bila kuvunja hata kioo, anaweza kuingizwa humo? Na akiingizwa, nani wa kumtoa?

Tukiuliza, twaambiwa ni usalama wa taifa. Kweli, kifungu cha 51 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinaruhusu msamaha kwa sababu hiyo. Lakini msamaha huo hutolewa pale tu unapolazimu, na ulazima sharti uthibitishwe. Anayeuhitaji hawezi kuwa ndiye hakimu wake mwenyewe. Kifungu cha 31 nacho kinataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya kuchakata data inayoweza kuhatarisha haki za watu. Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliukwamisha mradi wa kitambulisho cha kidijitali, Huduma Card, kwa sababu tathmini hiyo haikufanywa, na ikakataa hoja kwamba mradi ulioanza kabla ya sheria hauguswi nayo. Kamera za 2014 zitajificha wapi?

Tena mashine hizi za kutambua nyuso hukosea, na hatukosewi kwa kiwango kimoja. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kutambua jinsia kwa kuangalia uso. Kwa wanaume weupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Hiyo ni kazi nyepesi kuliko kumtambua mtu mmoja kati ya maelfu. Programu zimeboreka tangu wakati huo, nakubali. Hata hivyo, Januari 2020 polisi wa Detroit walimkamata baba mmoja mweusi mbele ya binti zake kwa wizi wa saa asioujua, kisa programu ilimfananisha na mwizi. Jiji hilo lilikuja kumlipa fidia, na sasa polisi wake hawaruhusiwi kumkamata mtu kwa kutegemea mashine peke yake. Je, afisa wetu wa kituo cha polisi cha Central amekatazwa na nani?

Polisi wa London, ambao nao wanalaumiwa sana, hutangaza wametumia mfumo huo wapi, nyuso ngapi zimepimwa na mara ngapi mashine imekosea. Sisi hatujasomewa hata ukurasa mmoja.

Bi Kamishna, kifungu cha 8 kinakupa mamlaka ya kuikagua taasisi ya umma kwa hiari yako, bila kungoja mlalamishi. Mlalamishi atatoka wapi, na aliyemo kwenye orodha hajui kwamba yumo? Itake Huduma ya Taifa ya Polisi ilete tathmini yake, uichapishe, na ueleze picha zinahifadhiwa kwa muda gani na nani ana ruhusa ya kuzifungua. Ikiwa tathmini haipo, amuru programu ya kutambua nyuso izimwe mpaka ifanywe. Kamera zenyewe ziachwe ziendelee kurekodi.