Si kudeka, ni sonona

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Hale, jirani na mashamba ya mkonge. Kwa asili ni mtu wa wasiwasi, nataka kila kitu kiwe sawa. Nilipojifungua wa kwanza, usiku kucha nilikuwa namwekea mkono puani nione kama anapumua, kisha nalia hadi adhana ya alfajiri. Watu wakasema nadeka. Mama mkwe ndiye aliyeniona. Akampokea mtoto, akasema, "Lala mwanangu, leo zamu yangu."

Naomba niongeze jambo. Tabia ya wasiwasi, au kutaka kila kitu kiwe sawa kupita uwezo, huongeza hatari ya sonona baada ya kujifungua, lakini si hukumu. Hata yule mchangamfu kuliko wote kijijini huipata. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Machozi ya siku chache za mwanzo ni kawaida. Yakizidi wiki 2, mama aende kituo cha afya.

Kliniki mtoto hupimwa uzito kila mwezi. Na kwa mama yapo maswali 10 ya Edinburgh, yaliyotolewa mwaka 1987, ya kumpima kama ana dalili za sonona. Yanachukua dakika chache tu, aulizwe hapohapo. Nasi tukienda kumpa mzazi hongera kwa kanga na sabuni, tumuulize pia: wewe mwenyewe unalala?