Paul Skenes: Dau la dola milioni 9, kisha miaka sita ya kusubiri

Julai 2023, klabu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates nchini Marekani ilimsajili kijana wa miaka 21 kwa dola milioni 9.2, kabla hajarusha mpira hata mmoja katika ligi kuu. Mwaka 2025 kijana huyo, Paul Skenes, alitunukiwa tuzo ya mrushaji bora kwa kura zote. Mshahara wake msimu huo ulikuwa dola 875,000. Inakuwaje mtu awe bora kuliko wenzake, halafu mshahara usifike hata sehemu ya kumi ya dau la usajili?

Kwa msikilizaji asiyeufahamu mchezo huu: mrushaji husimama kama mita 18 kutoka kwa mpigaji wa timu pinzani, na kazi yake ni kumrushia mpira ambao mwenye rungu atashindwa kuupiga vizuri. Mpira wa Skenes hufika kilomita 160 kwa saa. Mpigaji hana hata nusu sekunde ya kuamua.

Skenes alianzia chuo cha Jeshi la Anga huko Colorado, akitamani kuwa rubani. Mwanafunzi wa chuo hicho akishaingia mwaka wa tatu, anafungwa na wajibu wa kulitumikia jeshi kwa miaka kadhaa. Yeye aliondoka mwaka 2022, baada ya miaka miwili, akahamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana. Huko alicheza msimu mmoja tu, chuo kikatwaa ubingwa wa vyuo wa nchi nzima, naye akawa mchezaji bora wa fainali hizo.

Sisi tuliozoea soka tungetarajia klabu zimgombanie. Haiko hivyo. Klabu 30 za ligi kuu huchagua vijana kwa zamu, na zilizofanya vibaya ndizo zenye nafasi kubwa ya kutangulia. Pittsburgh ilipata zamu ya kwanza, ikamchukua. Kijana akikataa, hana ruhusa ya kwenda kuzungumza na klabu nyingine mwaka huo.

Wengi wanaochaguliwa hupelekwa kwanza ligi za chini. Kwa mkataba wa 2023, kima cha chini katika ngazi ya juu kabisa ya ligi hizo kilikuwa dola 35,800 kwa mwaka, na wapo wanaokaa huko mpaka umri unapita. Skenes hakukaa hata mwaka mmoja. Mei 11, 2024 alikuwa uwanjani dhidi ya Chicago Cubs.

Hapo ndipo saa nyingine inapoanza kuhesabu. Mchezaji hutakiwa kutimiza miaka sita ya utumishi katika ligi kuu ndipo awe huru kuchagua mwajiri. Mitatu ya mwanzo, klabu hulipa karibu na kima cha chini, kilichokuwa dola 740,000 mwaka 2024. Kweli, tangu 2022 kuna mfuko wa dola milioni 50 kila mwaka wa kuwatuza vijana wanaofanya vizuri, na Skenes alipata zaidi ya milioni 3 kwa msimu wa 2025. Bado ni kidogo sana kwa mtu wa kiwango chake.

Tatizo ni kwamba mkono hausubiri. Ripoti ya ligi yenyewe, Desemba 2024, ilihusisha ongezeko la majeraha ya warushaji na kule kutafuta kasi kubwa zaidi. Kasi ileile inayomfanya kijana achaguliwe mapema ndiyo inayokitesa kiwiko chake. Mark Appel wa Chuo Kikuu cha Stanford naye alichaguliwa wa kwanza, mwaka 2013. Bega na kiwiko vilimsumbua, akaacha mchezo mwaka 2018. Alirudi, na alipogusa ligi kuu hatimaye, Juni 2022, alikuwa na miaka 30. Kwa mtu kama huyo, dau la usajili ndilo fedha pekee ya uhakika.

Skenes atakuwa huru baada ya msimu wa 2029, akiwa na miaka 27, ikiwa sheria hazitabadilika. Mkataba kati ya wachezaji na wamiliki unakwisha Desemba 1, 2026. Ulipokwisha ule uliotangulia, mwaka 2021, wamiliki waliwafungia wachezaji milango kwa siku 99.