Mixa Yako Haijafa, Ni Adapta

Wasee, tuache kuzika mixa zikiwa hai. Kila saa naona mtu ameposti mixa ya chaneli nane, mwili safi, vitufe vyote viko, halafu ameandika "haiwaki, ya spea" na bei ya kuku wawili. Ukimuuliza adapta iko wapi, ati ilipotea, ama iliungua. Sasa hapo kilichokufa ni nini? Stima ikipotea juu tokeni zimeisha, utauza nyumba?

Huu upuzi unalishwa na watu aina mbili. Kuna muuzaji wa kukwambia "hiyo ni ya kitambo, chukua hii mpya." Huyo yuko kazini, namwelewa. Anayenikera ni fundi wa kuchukua chaja ya laptop, kukata waya, kuchomelea na kusema, "Hii ni volti 19, yako inataka 18, ni kitu moja."

Si kitu moja! Geuza hiyo mixa usome nyuma. Mixa nyingi ndogo za kitambo zinataka AC, na nyingi zina tundu la pini tatu: mbili zinaleta volti kama 18 za AC kila moja, ya tatu ni ya katikati. Ndani, huo umeme unageuzwa kuwa DC ya pande mbili, chanya na hasi, kwa kawaida volti 15 kila upande, kwa sababu saketi za sauti zinahitaji zote mbili. Zile volti 48 za maiki ya kondensa pia zinatoka kwa hiyo adapta. Chaja ya laptop inatoa DC ya upande mmoja, basi. Kwa hivyo taa inaweza kuwaka vizuri na sauti isitoke, ama itoke ikikwaruza, halafu fundi anatikisa kichwa: "Bodi imeenda." Bodi haijaenda popote. Umelipa udanganywe.

Na zile mixa anti anatuma kutoka Marekani? Adapta yake ni transfoma ya volti 120. Huku kwetu ni 240. Chaja ya simu inakubali zote mbili, ndiyo maana tumezoea kuchomeka tu bila kusoma. Ile transfoma haikubali. Ikitoa moshi, mixa ndiyo inalaumiwa.

Dawa yenyewe haina uchawi. Kama nyuma pameandikwa 18-0-18, unatafuta transfoma ya kuingiza 240 na kutoa 18-0-18. Maduka ya spea za Luthuli ndiyo mahali pa kuanzia. Volti zilingane na ilivyoandikwa. Ampea ziwe sawa ama zaidi, kamwe zisipungue. Waya wa katikati uende kwa pini yake, na hiyo utaijua kwa mchoro wa mixa yako, si kwa kubahatisha. Ukipima kabla ya kuunganisha mixa utaona volti zimezidi 18 kidogo, usishtuke, transfoma bila mzigo hufanya hivyo. Iwekwe kwa kisanduku, na fyuzi upande wa 240. Kama hujawahi kushika stima ya nyumba, usijifunzie hapo, mpe anayejua.

Kampuni nazo tusiziachilie. Ulaya, tangu mwisho wa 2024, simu, tableti na hedifoni mpya za kuchajiwa kwa waya lazima zitumie USB-C. Wamebanwa na sheria wakaweza. Kwa mixa, kila mmoja na pini zake, na ukipoteza adapta ni juu yako. Anayeumia ni kijana wa podikasti kule Umoja, ama kwaya iliyochanga mwaka mzima ikapata hiyo mixa moja.

Kwa hivyo kabla uache mixa yako kwa meza ya mtu, muulize swali moja: hii inataka AC ama DC? Akianza kukuonyesha chaja ya laptop, beba mixa yako uende.