Sahani ya Uwanja wa Ndege na Jasho la Mpishi



Wengi wetu wa viwandani na mashambani hatujapanda ndege, na si aibu. Hata hivyo mkahawa wa uwanja wa ndege unatuhusu. Ndani yake wamo wafanyakazi wenzetu, na mezani pake huwekwa kahawa na chai, mazao ya jasho letu.

Tazameni uwanja wa Bujumbura, ambao tangu 2019 una jina la Rais Melchior Ndadaye. Mapaa yake ya mviringo yanafanana na nyumba za wazee wetu. Katika nchi nyingi mikahawa ya viwanja vya ndege hujipamba vivyo hivyo: hutundika vikapu, vibuyu, ngoma na picha za wakulima, ili msafiri anayengoja ndege ale huku akijiona yuko kijijini. Si vibaya. Ngoma yetu ni heshima yetu, na mwaka 2014 UNESCO iliiandika katika urithi wa utamaduni wa binadamu. Lakini mkulima anapendeza ukutani. Je, mama anayechuma chai kule Teza, na kijana anayeosha sahani jikoni, wanapata nini?

Mwaka 1988 kima cha chini cha mshahara kiliwekwa faranga 160 kwa siku kwa Bujumbura na Gitega, na faranga 105 kwingineko. Kanuni mpya ya Kazi ilipotolewa 2020, faranga hizo zilikuwa bado palepale. Faranga 160 leo hazinunui hata kikombe cha kahawa uwanjani. Mwajiri anayeongeza kidogo juu ya hapo hujisifu kwamba ameipita sheria!

Wenye mikahawa hujitetea kwamba bei ni kali kwa sababu kodi ya uwanja ni kubwa. Sawa. Msafiri akishakaguliwa hana pa kwenda kwingine, atalipa tu. Basi ikiwa bei hiyo imepata nafasi ya kodi, ya faida na ya mapambo, kwa nini imkosee nafasi anayepika na anayeandaa meza?

Jambo hili linawezekana. Mwezi Septemba 2022, wafanyakazi wapatao 1,000 wa mikahawa ya uwanja wa ndege wa San Francisco, Marekani, waligoma kupitia chama chao, UNITE HERE. Wengi walikuwa wakilipwa dola 17 na senti 5 kwa saa, na hawakuwa wamepata nyongeza kwa miaka 3. Baada ya siku 3 tu waajiri walikubali kuongeza dola 5 kwa saa. Tajiri alitambua kwamba mapambo hayapiki chakula.

Ndugu, tusiwaone wahudumu wa uwanjani kama mabwana kwa sababu wamevaa sare safi. Jirani yako akifanya kazi huko, muulize: una mkataba wa maandishi? Umeandikishwa katika hifadhi ya jamii? Una mjumbe wa wafanyakazi? Akijibu hapana, mlete chamani. Nasi sote, wa chai, wa kahawa, wa kiwanda na wa jikoni, tudai kwa sauti moja kima kipya cha mshahara kinacholingana na bei za sokoni.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Umoja ni nguvu!