Namba ya Viatu vya Mama

Mwezi huu nakuandikia nikiwa bado na uchovu wa ndege, na begi moja liko pale mlangoni halijafunguliwa mpaka leo. Nilikuwa Guangzhou, China, kwa kaka yangu. Na mume wangu tulikuwa pamoja, ingawa ukimuuliza yeye atakwambia alienda kubeba mizigo tu.

Ukweli ni kwamba mimi sikuwa na hamu ya kwenda. Yeye ndiye aliyekata tiketi. Tangu Aprili 2020, mwezi aliofariki baba, mimi na kaka tulikuwa watu wa kutumiana meseji za sikukuu basi. Kutokuja mazikoni sikumlaumu. China ilifunga mipaka kwa wageni kuanzia tarehe 28 Machi mwaka ule, na huku kwetu nako ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa. Kilichoniuma ni simu. Siku nne tunampigia, haipatikani. Siku ya tano ikaingia meseji: poleni sana, nimepata taarifa. Poleni! Utadhani aliyekufa ni baba wa watu wengine.

Basi tukafika. Wifi yangu akatupokea kwa pilau, na mtoto wao wa miaka saba akanishika mkono: "Shangazi, kesho mimi ndiye nitakupeleka madukani." Nikacheka. Kumbe hatanii.

Nisikilize wewe unayepanga safari ya huko. Guangzhou ina maduka ya aina mbili na usiyachanganye. Kule Sanyuanli kwenye mabegi ya ngozi, na karibu na stesheni ya reli kwenye masoko ya nguo, watu wanauza jumla. Ukinyanyua begi moja ukauliza bei, muuzaji anakuuliza kwanza unachukua mangapi. Ukisema moja, anageuka kuendelea na chakula chake. Asiyegeuka anakuandikia bei kwenye kikokotoo, nawe unafuta unaandika yako, mnapokezana hivyo hivyo mpaka mmoja achoke. Lakini mimi nilikuwa na mkalimani wangu. Mtoto akamwita yule mama "ayi", yaani shangazi kwa Kichina, akaongea kama dakika mbili, na begi la yuan 180 likawa 75. Nilimuuliza umemwambia nini? "Nimemwambia wewe ni shangazi yangu wa kweli." Sijui na yule ayi alijisikiaje.

Pesa taslimu wanapokea, ila kila mtu analipa kwa simu, hata muuza viazi vya kuchoma. Weka programu ya malipo kabla hujaondoka nyumbani na uiunganishe na kadi yako ya benki, usije ukasimama kaunta unahesabu noti huku foleni inakutazama. Na kama huna biashara, epuka Aprili na Oktoba. Ni miezi ya yale maonyesho makubwa ya biashara yaliyoanza 1957, na bei za hoteli zinapanda mpaka unaona aibu kuuliza.

Xiaobei ndiko utakakojisikia nyumbani: vitenge, mawakala wa mizigo, migahawa ya Waislamu wa Kichina yenye tambi na mishikaki ya kondoo. Mume wangu aligoma kuondoka hapo. Barabara ya Beijing ni ya kutembea kwa miguu, maduka ya kisasa, na katikati wameweka vioo ardhini. Ukiinama unaona tabaka za barabara za kale zilizofukuliwa mwaka 2002, moja juu ya nyingine. Wasichana wanapita juu yake na vikombe vyao vya chai ya maziwa wala hawaangalii.

Jioni ya nne kaka akasema twende Shangxiajiu, mimi na yeye peke yetu. Ni mtaa wa zamani. Ghorofa za juu zimejitokeza hadi juu ya njia ya waenda kwa miguu, zimeshikwa na nguzo, kwa hiyo unatembea chini ya baraza ndefu duka hadi duka na mvua haikupati. Na mvua ilikuwa inanyesha kweli kweli. Tulikuwa tunatafuta viatu vya mama. Akasimama kwenye nguzo moja, mbele ya duka la soksi.

"Hapa ndipo tulipolala," akasema.

Nikadhani sijasikia vizuri. Ndipo akaniambia. Aprili ile ile Waafrika wengi Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli kwa hofu ya korona; habari zilizunguka dunia nzima, na mimi nilizisoma, na sikuwahi kumuuliza. Mwenye nyumba wao aliwapa saa moja. Kodi walishalipa. Usiku wa kwanza walikaa hapo, yeye, mkewe na mtoto wa miaka miwili, mabegi wameyapanga kuzuia upepo, simu imezima haina chaji. Alipokuja kuiwasha, ikajaa meseji zetu za msiba.

"Sasa ningemwambia nini mama? Yuko eda, amefiwa, nimwongezee na langu?"

"Mimi ungeniambia."

"Wewe ungemwambia mama."

Hapo sikuwa na jibu, maana ni kweli ningemwambia.

Tukasimama tu. Muuza soksi akatutolea viti vya plastiki, akadhani tunangoja mvua ikatike. Baadaye kaka akakumbuka viatu. Unajua hakuna aliyekuwa na hakika mama anavaa namba ngapi? Kule kwao ilikuwa saa mbili usiku, Dar saa tisa alasiri. Akapiga kwenye simu ya mdogo wetu, wakampa mama.

"Chukua thelathini na tisa," mama akasema, "siku hizi miguu inavimba." Kisha akauliza, "Atavileta dada yako au utavileta mwenyewe?"

Kaka akanipa simu, akaenda kusimama upande wa pili wa nguzo. Viatu vimebaki kwake.